Tarehe 11 Februari Si ya Whitney Peke Yake

Nilikuwa kwa kinyozi pale karibu na steji ya Kathiani, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, mtangazaji wa redio akasema kwa ile sauti yao ya asubuhi: siku kama ya leo, mwaka 2012, dunia ilimpoteza Whitney Houston. Akapiga nyimbo zake mbili mfululizo. Kinyozi akazima mashine ili asikie vizuri ile sehemu ya kupaza sauti. Mama mmoja aliyemleta mtoto wake kunyolewa akaimba nayo. Mimi pia niliimba, sitawadanganya. Baadaye mtangazaji akaongeza kwamba siku hiyo hiyo, mwaka 1963, Beatles waliingia studio kule London na kutoka na karibu albamu nzima. Kisha tangazo la unga. Kisha habari za msongamano Mombasa Road. Basi, historia ikaisha.

Hiyo ilikuwa tarehe 11 Februari. Sasa sikiza. Tarehe 11 Februari 2001, huko New Jersey, Marekani, alifariki Fadhili William Mdawida, Mkenya wa Taita, mtu wa kwanza kurekodi "Malaika". Ndiyo, ile Malaika. Ile inayoimbwa kwenye harusi za Kenya, kwenye hoteli za watalii Mombasa, na ile ambayo mgeni yeyote akisikia wewe ni wa Afrika Mashariki anaanza kukuimbia hata kama Kiswahili hakijui. Hakuna aliyemtaja. Nilikaa na redio mpaka jioni makusudi, nikiruka stesheni hadi stesheni kama mtu anayetafuta matokeo ya mechi. Whitney nilimpata mara tano. Fadhili, wapi.

Kabla hujasema huyu naye ana wivu na marehemu, ngoja niungame. Mimi mwenyewe nimekula hizo hela. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naandikia mteja mmoja orodha za "leo katika historia ya muziki", bob mia tatu kwa orodha moja, nikiwa hapa hapa Kathiani na laptopu na bando ya usiku. Kazi ilikuwa rahisi. Unafungua mtandao, unachukua tarehe, unapata nani alizaliwa, nani alikufa, nani alitoa albamu, unageuza kwa Kiswahili cha kuchangamka, unatuma. Nilipofika 11 Februari niliweka Whitney juu, Beatles chini yake, na katikati nikamweka Fadhili. Jibu la mteja lilikuja haraka: "Huyu ni nani? Mtoe, weka Brandy, leo ni birthday yake."

Na kweli, Brandy alizaliwa tarehe 11 Februari 1979. Nikamtoa Fadhili nikamweka Brandy. M-Pesa ikaingia. Kwa hivyo nikisema tumewazika watu wetu mara ya pili, jua kwamba koleo moja nililishika mimi.

Lakini tangu siku hiyo kuna kitu kimenikaa kooni, na ndicho nataka tugombane juu yake leo. Watu wanadhani tarehe ni mapambo. Ni kitu cha kujazia dakika kati ya wimbo na tangazo. Mimi nasema tarehe ni mali. Mwenye tarehe ndiye mwenye wimbo, na sisi wimbo tumebaki nao mdomoni huku tarehe zikiandikwa na wengine, za kwao.

Tuanze na hiyo 11 Februari 1963. Unajua ni mambo mangapi yanajulikana kuhusu siku moja ya kazi ya vijana wanne wa Liverpool? Inajulikana kwamba walianza saa nne asubuhi kwenye studio za EMI, Abbey Road, na kumaliza karibu saa tano usiku. Inajulikana kwamba walirekodi nyimbo kumi za albamu ya "Please Please Me" ndani ya hayo masaa. Inajulikana kwamba John Lennon alikuwa na mafua, alikuwa akimumunya peremende za koo na kunywa maziwa, na kwamba "Twist and Shout" iliachwa mwisho kabisa kwa sababu ingemmaliza sauti. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Februari 1964, hao hao walifanya tamasha lao la kwanza Marekani, Washington, na inajulikana kwamba walifika kwa treni kwa sababu ya theluji. Mimi hapa chini ya vilima vya Iveti, ambaye theluji nimeiona kwenye filamu tu, najua hali ya koo la John Lennon siku fulani ya Jumatatu kabla wazazi wangu hawajazaliwa.

Haya, tuje kwa Malaika. Fadhili William aliirekodi na kundi lake la Jambo Boys. Lini? Hapo ndipo kelele zinaanza. Huyu anakwambia 1959, yule 1960, mwingine anaruka moja kwa moja hadi 1963, ambao ni mwaka aliporudia kuirekodi na Black Shadows kwa lebo ya Equator ya Charles Worrod, Nairobi. Na hata ukimaliza kubishana kuhusu mwaka, hujagusa swali kubwa zaidi: nani aliitunga? Fadhili alisema ni yake. Adam Salim wa Tanzania alisema ni yake, kwamba aliitungia msichana aliyempenda miaka ya 1940. Kila upande una watu wake, na kila upande una hadithi tamu.

Linganisha basi. Huku tunajua peremende. Huku hatukubaliani hata juu ya baba.

Na si kwamba wimbo wenyewe ulikuwa wa kona. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka kwenye albamu yao ya 1965, ile iliyopata Grammy mwaka uliofuata. Boney M wakautoa 1981. Angélique Kidjo akauimba. Kila mara wimbo ulipovuka bahari ulipata karatasi mpya: siku uliporekodiwa, studio, mpiga gitaa, kampuni. Ulipozaliwa Nairobi haukupata karatasi ya kueleweka. Ni kama mtoto aliyezaliwa nyumbani bila cheti, akapelekwa kulelewa na watu watatu, na kila mmoja akamkatia cheti chake. Siku ya urithi ikifika, nani ana neno?

Si yeye peke yake. Daudi Kabaka, mwenzake Fadhili pale Equator, naye alifariki mwaka huo huo wa 2001. Wimbo wake "Helule Helule" ulichukuliwa na Waingereza wa The Tremeloes, na mwaka 1968 ukafika nafasi ya 14 kwenye chati ya Uingereza. Jua hili: safari ya wimbo wa Kabaka huko Uingereza unaweza kuifuata wiki kwa wiki, kwa sababu wenzetu walikuwa wanaandika kila wiki. Safari ya wimbo huo huo hapa kwao, kwenye baa za Nairobi na kwenye redio za betri vijijini, utaifuata kwa kumuuliza mzee ambaye naye anasahau.

Najua utaniambia nini. Wacha watu wasikilize wanachopenda. Whitney alikuwa anaimba, buda, mwache apumzike. Nakubali, na sijaomba mtu azimwe. Alikuwa na miaka 48 tu alipokutwa amefariki kwenye ile hoteli ya Beverly Hills, siku moja kabla ya Grammy, na sauti ile haitarudi. Mpige asubuhi, mchana na usiku. Hoja yangu ni hesabu ndogo: siku moja ina masaa 24. Malaika ya Fadhili inachukua dakika tatu hivi. Kama kwenye masaa yote hayo stesheni zilizonifikia hazikupata dakika tatu, hapo hatuzungumzii tena ladha ya wasikilizaji. Tunazungumzia mtu aliyeketi studio na orodha iliyotoka mtandaoni, iliyoandikwa na mtu kama mimi kwa bob mia tatu, ambayo ilinakiliwa kutoka kwa orodha ya Mmarekani aliyekuwa anawaandikia Wamarekani. Huyo Mmarekani hana makosa. Alifanya kazi ya kwao. Wa kwetu nani atafanya?

Utaniambia pia, na hii ndiyo hoja inayoniudhi zaidi kwa sababu husemwa na watu waliosoma: sisi Waafrika ni watu wa mdomo, tarehe si utamaduni wetu. Twende basi nikupeleke kwa susu wangu.

Susu ana katoni ya santuri chini ya kitanda. Mashine ya kuzipigia iliharibika zamani, lakini santuri hazitupi. Ni zile ndogo za nyimbo mbili, moja kila upande, na nyingi ni za Kikamba: Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Kalambya Sisters. Siku moja nilizitoa zote nikazipanga kwenye mkeka, moja moja, nikitafuta mwaka. Jina la wimbo lipo. Bendi ipo. Namba ya kampuni ipo. Mwaka, kwenye nyingi, haupo.

Nikamuuliza, "Susu, hii mlinunua lini?"

Hakufikiria hata kidogo. "Hiyo babu yako aliileta kutoka Machakos baada ya nikw'a ngwete. Na ile nyingine ilikuwa imeshakuja."

Kama si wa Ukambani, wacha nikueleze. Njaa zetu zina majina. Kuna yua ya ndeke, njaa ya ndege, ya 1961, chakula kilipodondoshwa kutoka angani. Na kuna nikw'a ngwete, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, maana yake nakufa nikiwa nimeshika: pesa unazo mkononi, lakini chakula cha kununua hakuna. Mtu wa umri wa susu hawezi kuchanganya kilichokuja kabla ya njaa na kilichokuja baada ya njaa. Hiyo ni kalenda. Ni kalenda iliyoandikwa kwa tumbo, na kwa maswali matatu tu unaweza kuifikisha kwenye tarakimu.

Kwa hivyo usiniambie hatukumbuki. Vijana wa South C hawajasahau kwamba E-Sir aliondoka tarehe 16 Machi 2003, kwenye ajali akitoka Nakuru. Uliza mtu wa Murang'a Joseph Kamaru alikufa lini, atakwambia Oktoba 2018. Watu wa benga wa Nyanza wanajua D.O. Misiani aliwatoka 2006. Kumbukumbu imejaa nchi nzima. Kinachokosekana ni mtu wa kuiandika kabla mwenye nayo hajafa, na mtu wa kuisoma hewani ikishaandikwa.

Sasa nikuonyeshe kwa nini nimeita tarehe mali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema hivi: utunzi wa wimbo unalindwa maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyonaswa studio, ina hesabu yake: miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Soma tena polepole. Sheria nzima imesimama juu ya tarehe mbili, ya kifo na ya kurekodi.

Chukua Fadhili. Kama Malaika ni utunzi wake, basi kifo chake cha Februari 2001 kinaulinda mpaka mwisho wa 2051. Kama ni wa Adam Salim, hesabu ni nyingine kabisa. Lakini ile rekodi ya 1963, iliyofanya wimbo ujulikane Afrika Mashariki nzima, ulinzi wake kwa sheria hiyo uliisha Desemba 2013. Ulisikia mtu akitangaza? Kulikuwa na mjadala wowote? Mimi sikusikia. Tarehe ilipita kimya kama matatu ya usiku isiyo na abiria.

Chukua Kakai Kilonzo, huyu wetu wa karibu, aliyeanza kwa Kikamba kisha akaimba Kiswahili ili hata asiye Mkamba acheze. Alifariki 1987. Tunzi zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2037. Rekodi zake ni za miaka ya 1970 na 1980, na moja moja zinaanza kutoka kwenye ulinzi sasa hivi, tukiwa hai, tukiwa tunabonyeza simu. Santuri iliyorekodiwa 1976, mwisho wake ni Desemba 2026. Iliyorekodiwa 1979, ina mpaka Desemba 2029. Tofauti ya miaka mitatu. Kwa familia ya mwanamuziki hiyo inaweza kuwa karo. Inaweza kuwa kuulizwa ruhusa kabla wimbo wa baba yao haujawekwa kwenye tangazo. Na tofauti hiyo yote imetegemea tarakimu nne ambazo hazikuandikwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri, na ambazo labda zimebaki kichwani mwa susu wa mtu.

Wenye akili wameshaona hilo, tena zamani. Mwaka 2013 Soundway ya London ilitoa "Kenya Special", mkusanyiko wa nyimbo za Afrika Mashariki za miaka ya 70 na 80, na vijana wa Nairobi wakaanza kuzitumiana kana kwamba zimerekodiwa juzi. Sina ugomvi na hao wa London. Walitafuta, wakasafisha, wakaandika. Na hapa nyumbani Ketebul Music ya Tabu Osusa ilifanya kazi ya maana. "Retracing the Benga Rhythm" ya 2008 ilifuata benga mpaka ilikotoka, ikaweka majina na sura za watu. Kwa hivyo usijifiche nyuma ya neno haiwezekani. Imewezekana, na watu wachache, kwa pesa chache. Kilichobaki ni sisi wengine kuacha kukaa kama wageni kwenye matanga ya kwetu.

Ninataka nini basi? Mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji wizara.

La kwanza ni la redio. Kama una kipindi cha "siku kama ya leo", weka sheria ndogo studio: kila siku, jina moja la hapa. Moja tu. Kabla hujasema hakuna, tafuta. Franco wa Kinshasa, ambaye nusu ya bendi zetu zilijifunza kwake, alifariki 12 Oktoba 1989. Tabu Ley, 30 Novemba 2013. Bi Kidude wa Zanzibar, 17 Aprili 2013. Kamaru, 3 Oktoba 2018. John De'Mathew, 18 Agosti 2019. Hizo nimeandika bila hata kufungua simu. Mtu analipwa mshahara kukaa mbele ya kipaza sauti, ashindwe kwa nini?

La pili ni la sisi tunaoandika. Orodha ya bob mia tatu ina nguvu kuliko tunavyofikiri, kwa sababu ndiyo inayosomwa hewani asubuhi na kunakiliwa na mwingine mwaka ujao. Mteja akikwambia mtoe Fadhili, mwambie Fadhili na Brandy wote watatosha kwenye ukurasa. Akikataa, angalau umegoma mara moja. Mimi sikugoma, na ndiyo maana naandika hapa bure leo.

La tatu ni la kila mwenye susu, nyanya, babu, mjomba aliyekuwa akipiga besi kwenye bendi ya sokoni. Keti naye. Usimuulize mwaka, atakwambia hajui. Muulize ilikuwa kabla au baada ya njaa ipi, mtoto yupi alikuwa amezaliwa, rais alikuwa nani, shilingi ngapi ilinunua mkate. Kisha andika tarakimu, hata kama ni ya kukadiria, na useme umekadiria. Mimi zile santuri nimezipa bahasha moja moja. Nje nimeandika kwa kalamu: kama 1978, kama 1982, Susu anasema baada ya nikw'a ngwete. Haitoshi mahakamani, najua. Lakini ni zaidi ya kilichokuwepo.

Turudi kwa kinyozi, maana kichwa changu kilikuwa bado nusu. Whitney alipoisha nilitoa simu nikapiga Malaika, ile ya Fadhili, sauti juu kadiri simu ilivyoweza. Yule mama aliyekuwa akiimba Whitney kwa kubahatisha maneno, hii aliimba yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea, huku amemshika mtoto kichwa asitikisike. Kinyozi akaniuliza huyo anayeimba ni wa wapi. Nikamwambia wa Taita.

"Na bado yuko?"

"Alikufa."

"Lini?"

"Leo. 2001."

Akasimama kidogo na mashine mkononi. Ukutani alikuwa na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, ile anayoandikia madeni ya wateja. Akachukua kalamu sikioni, akatafuta kisanduku cha 11, na juu ya deni la mtu la shilingi hamsini akaandika: Fadhili.